Mpishi Hakuua

Siku tulipomzika mume wangu kule Masaki ya Kisarawe, kipaza sauti cha msikiti kilitangaza msiba wa Rajabu, "maarufu kwa jina la Mpishi." Jioni yake, wanawake tumekaa chini ndani na vikombe vya kahawa vinazunguka, mama mmoja wa Dar anayefanya kazi na binti yangu aliniinamia akaniuliza kwa upole marehemu alikuwa akipika hoteli gani. Alitaka kunifariji, maskini, nimsimulie sifa zake. Nikamjibu kwamba marehemu hakuwahi kuchemsha hata chai bila kuunguza sufuria. Wifi zangu wakaangua kicheko, kisha wakakumbuka tuko msibani, wakajiziba midomo kwa kanga. Sikumweleza zaidi yule mama, maana habari yenyewe si ya kusimulia kwa dakika mbili juu ya mkeka. Sasa niko eda, kazi sina, natazama mlango tu kutwa nzima, nimeona niieleze hapa taratibu jinsi mtu asiyejua kupika alivyoitwa Mpishi maisha yake yote. Ni habari ya picha moja ya sinema, na ya jibu ambalo watu wazima walikuwa wakilisubiri kutoka kwangu.

Mwaka ule nilikuwa mpiga taipu katika chuo kimoja pale Kibaha, nikiishi mtaa wa Pangani, hapo hapo Kibaha, kwa shangazi yangu, Bi Mwanaidi. Ulikuwa mwaka wa watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Ukishika njia ya kwenda Kisarawe unaona nyumba za miti ambazo hazijakandikwa, vyombo viko nje, na akina mama wanapika huku wakilalamikia mikorosho waliyoiacha mahame. Kwa shangazi tulikuwa na chumba cha mbele chenye meza moja, viti vya kukunja, na redio iliyovishwa kitambaa cha kufuma. Sukari ilikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo chai tuliinywa na tangawizi nyingi ili ulimi usahau. Chakula chetu cha jioni kilikuwa muhogo wa nazi, na dagaa kama wamepatikana. Shangazi alikuwa na sheria yake: mambo mazito yanasemwa wakati wa kula, kwa sababu mtu mwenye tonge mdomoni hawezi kukujibu ovyo. Sheria hiyo nimeirithi na wanangu wanaichukia.

Rajabu alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima. Aliwafundisha wazee kusoma kwenye baraza la ofisi ya kijiji, na sauti yake ilikuwa nene, inafika barabarani bila yeye kuinuka. Alianza kuja ofisini kwangu kutafuta chaki, kama kwamba chaki zinatunzwa kwa mpiga taipu. Baada ya chaki akaja mshenga. Mshenga huyo alikuwa baba yake mdogo, Mzee Kondo wa Masaki, ambaye wakati ule hata uzee wenyewe hakuwa nao, ila alipenda kuitwa mzee na alijua kuzungumza. Alileta kanga na fedha ya kifungua mlango, akala ubwabwa wa shangazi, akasifu kila kitu mpaka paka. Shangazi akamwambia jibu litatoka kabla ya mfungo wa Ramadhani. Kwetu mwari akiulizwa posa hasemi. Akikaa kimya, amekubali. Akifungua mdomo, hata kwa neno moja, watu wanajua kuna jambo. Mimi kimya changu nilikuwa nimeshakiandaa, maana nilimpenda Rajabu, nasema wazi, nilimpenda mpaka nikawa nakosea herufi kwenye taipu.

Kabla sijaulizwa ikaja ile picha. Jumamosi gari la sinema lilikuwa likifika chuoni, na ukumbini walikuwa wakituonyesha jinsi ya kuchimba choo, kupulizia dawa mikorosho, na kuchemsha maji. Rajabu ndiye aliyekuwa mkalimani. Alisimama pembeni ya kitambaa cheupe na kipaza sauti, Wazungu wakisema yao, yeye anasema yetu. Jumamosi hiyo fundi wa mashine akaja na picha ya upelelezi, ya Kiingereza, na Rajabu alikuwa hajawahi kuiona. Wala hakuona kama hilo ni tatizo. Alitualika sote, mimi, shangazi, na Mzee Kondo aliyekuwa amekuja kuuliza jibu letu limefika wapi. Tukakaa benchi moja, shangazi katikati, kama inavyotakiwa.

Picha yenyewe ilikuwa hivi. Kuna hoteli kando ya ziwa, nchi za baridi, barabara imezibwa na theluji na wageni hawawezi kutoka. Mwenye hoteli anakutwa amekufa ndani ya chumba cha kuhifadhia nyama. Kila mgeni ana sababu ya kumchukia. Yuko daktari mlevi, yuko mama mmoja mwenye kofia ya manyoya, wako ndugu wawili wasiosemezana, yuko bibi kizee anayesukumwa kwenye kiti cha magurudumu, na yuko mpishi. Shida ya kwanza ilikuwa kwamba picha haikuwa na steringi, yule shujaa wa kufuatwa. Vijana wa ukumbi wetu walizoea kumjua steringi tangu mwanzo, na kila mtoto alijua kwamba steringi hafi. Humu kila mtu anaonyeshwa kidogo, anazungumza kidogo, anaondoka. Watu wakaanza kunung'unika. Rajabu alikuwa mtu wa kupenda ukumbi utulie, kwa hiyo akawasaidia. Akawapa Wazungu wale majina, Bibi wa Kiti, Mama Manyoya, Daktari, kisha mpishi alipotokea anatoka jasho na anaficha kitu kwenye aproni, Rajabu akanguruma kwenye kipaza sauti: "Mtazameni vizuri huyu. Huyu ndiye adui." Ukumbi ukatulia palepale.

Kila mkanda ulipokwisha taa ziliwashwa ili fundi afunge mwingine, na hapo ndipo maoni yalipomwagika. Shangazi alisema yeye mpishi alimjua tangu alipoonja mchuzi kabla ya mwenye nyumba. Mzee Kondo aliunga mkono, akaongeza kwamba mtu mwenye funguo za nyama ndiye mwenye funguo za kila kitu. Mhasibu wa chuo alimshuku daktari, akazomewa na benchi zima la nyuma. Mimi Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne, nilikuwa nakisikia, na nilianza kuona kwamba maneno ya Rajabu na maneno ya kwenye picha yanaachana kidogo kidogo. Mpishi akisema ameogopa, Rajabu anasema mpishi anatishia. Nilimhurumia. Nilidhani picha ikifika mwisho atajirudi. Fundi wa mashine alikuwa ameiona picha ile mara nyingi, na niliona mabega yake yakitikisika kwa kicheko alichokuwa akikificha.

Mkanda wa mwisho ukaingia. Wageni wote wamekusanywa sebuleni, mpelelezi anazungumza, anamzunguka mmoja mmoja, kisha anasimama mbele ya yule bibi kizee. Bibi akatupa shali yake chini, akasimama kwa miguu yake mwenyewe. Akasema kwa Kiingereza, neno kwa neno, kwamba yeye ndiye aliyeua na wala hajuti. Ukumbi mzima ukamgeukia Rajabu. Akasema, "Mpishi amekiri! Na bibi amesimama kwa furaha. Ni muujiza." Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Polisi wakamtia bibi pingu, na Rajabu akasema wanamshika asianguke, miguu haijazoea. Wakampandisha kwenye gari, akasema anapelekwa hospitali kupimwa. Mpishi alikuwa amebaki mlangoni anapunga mkono, na Rajabu hakumsemea chochote.

Wiki ile Pangani nzima ilizungumza muujiza. Shangazi aliusimulia bombani kila asubuhi, na kila asubuhi bibi kizee alisimama haraka zaidi. Wako waliouliza kwa nini polisi hawakumkamata mpishi, na shangazi akawajibu kwamba Wazungu wana utaratibu wao. Nami niliusikiliza muujiza ule huku nakuna nazi, na moyo wangu haukuwa sawa. Vijana wa leo nikiwasimulia wananicheka, wanasema ni filamu tu bibi, jambo gani hilo la kumnyima mtu usingizi. Ndivyo alivyosema na yeye. Alikuja ofisini kutafuta chaki, mwenye furaha, watu njia nzima wamempongeza. Nikaacha taipu nikamuuliza kama alisikia alichosema yule bibi.

"Nilisikia," akasema. "Ningefanyaje? Nilishamtaja mpishi tangu mwanzo."

"Ungesema umekosea."

"Mbele ya ukumbi mzima? Ni picha tu, Mwajuma. Hakuna mpishi aliyefungwa."

"Leo ni mpishi wa kwenye picha," nikamwambia. "Ukija kukosea nyumbani kwetu, utamtupia nani?"

Aliondoka bila chaki. Jioni ile ile, kama vile alitumwa, shangazi akaniuliza. Alisubiri nitie tonge mdomoni, akasema kwa upole kwamba Mzee Kondo anataka jibu na mfungo unakaribia. Nikameza. Nikasema, "Nisubirini kidogo, shangazi." Mkono wake ukabaki juu ya sahani. Hakunigombeza, alisema tu kwamba hajui nataka mume wa namna gani zaidi ya yule, mwenye kazi, mwenye heshima, mwenye sauti. Nilishindwa kumweleza. Ningeanzaje kumwambia kwamba muujiza wake wa bombani ni uongo? Nilikula muhogo wangu wote na sikuonja ladha yake.

Jumamosi iliyofuata gari la sinema lilikuwa linakwenda Masaki na picha ile ile, na Rajabu alipangwa kwenda nalo. Ni kwao, kwa hiyo Mzee Kondo akaona ni nafasi ya wakwe kuniona. Tukapanda lori la chuo pamoja na mashine na jenereta, shangazi mbele na dereva, mimi nyuma na wanawake wengine. Rajabu alikaa juu ya maboksi ya mikanda, hanisemeshi. Kwa mama yake tulikuta ubwabwa wa nazi, kuku, kisamvu, na korosho zilizochomwa jivuni mpaka vidole vyetu vikawa vyeusi. Tulikula ndani, wanaume barazani, na ukuta ulikuwa wa udongo usioficha neno. Nikamsikia Mzee Kondo akiwasimulia wageni. Wengine walikuwa wametembea kutoka Chole, huko huko Kisarawe, kwa ajili ya muujiza. Aliwaeleza mpishi ni nani, anaficha nini, na bibi atasimama sehemu gani ili wasije wakapitiwa. Alisimulia vizuri kuliko picha yenyewe. Rajabu alikuwa amekaa palepale karibu naye na sikumsikia akitia neno. Mama yake alirudi na sahani yake ikiwa nusu, akasema mwanangu leo ana nini.

Kitambaa kilifungwa kwenye ukuta wa shule, jua lilipozama wakawasha jenereta. Safari hii Rajabu alitafsiri kwa sauti ndogo, sawasawa, hakumpamba mtu. Mpishi alipotokea akasema tu, huyu ni mpishi, ameogopa. Watu wa Masaki walikuwa wameshamjua, wakamzomea wenyewe. Kila alipopita walizidi, na Mzee Kondo akawa anaeleza kwa walio karibu naye kwamba mkalimani amechoka kwa safari. Mimi nilikuwa nimekunja kanga mikononi mpaka ikalowa jasho. Nilijua kwamba akisema kama alivyosema Kibaha, nitafungua mdomo tena mbele ya shangazi, na safari hii sitasema subirini.

Bibi akatupa shali. Watu wa Chole wakasimama kuushuhudia muujiza. Bibi akasimama, akasema maneno yake, na Rajabu akainua kipaza sauti akakishusha, akakiinua tena.

"Bibi huyu ndiye aliyeua," akasema. "Miguu yake ilikuwa mizima tangu mwanzo. Mpishi hakuua. Kibaha nilisema ameua kwa sababu nilikuwa nimeshamtaja, nikaona haya kurudi nyuma. Nimekosea. Mpishi hakuua."

Halafu uwanja mzima ukalipuka, na haukuwa upande wake. Watu waliotembea kutwa nzima kuja kuona muujiza waliambiwa hakuna muujiza, na walimkasirikia aliyewaambia. Mmoja alisema mkalimani amehongwa. Mwingine akasema mbona pingu hizo hizo Kibaha zilikuwa za kumshika asianguke. Mzee Kondo alisimama, kofia mkononi, akasema mwanangu amelishwa kitu na wanawake wa Kibaha, kwa sababu mpishi ameua, kijiji kizima kimemwona. Watoto wakaanza kuimba, "Mpishi! Mpishi!" wakamfuata Rajabu mpaka kwenye lori alipokwenda kukaa peke yake. Jina lilianzia hapo. Asubuhi lilikuwa limeshafika Chole na wale waliokuwa wakirudi.

Asubuhi hiyo tulikaa wote kwenye ua wa mama yake, chai ya tangawizi na muhogo wa kuchemsha, na hakuna aliyekuwa na hamu. Mzee Kondo alisema mbele ya watu kwamba yeye hawezi kuendelea kuwa mshenga wa mtu aliyemuumbua mbele ya kijiji chake, watafute mwingine. Shangazi naye alikuwa na lake. Alisema wiki nzima ameshinda bombani akitangaza muujiza, sasa arudi awaambie nini, na kwamba yeye hawezi kumkabidhi mtoto mtu aliyemfanya muongo. Rajabu alikuwa amekaa kwenye kinu kilicholala, anatazama miguu yake. Alisema tu, "Nisameheni, wazazi wangu." Hakumtaja mtu mwingine. Angeweza kusema ni mimi niliyemsema ofisini, na mpaka leo nakumbuka kwamba hakusema.

Shangazi akanigeukia. Si kawaida mwari kuulizwa mbele ya upande wa pili, lakini alikuwa amekasirika na utaratibu ulikuwa umeshamtoka. "Wewe ulituambia tusubiri," akasema. "Tumesubiri, tumeona. Haya, sema." Nikatazama muhogo. "Sema neno, mwanangu, tuondoke." Nikaendelea kutazama muhogo. Kuku walipita katikati yetu wakadonoa makombo wakaenda zao. Nilihisi macho ya mama yake Rajabu, na nilihisi machozi yananijia, nikayazuia kwa sababu kulia nako wengine wangekuhesabu kuwa neno. Aliyeelewa kwanza alikuwa Mzee Kondo. Aliweka kikombe chini kwa hasira, akasema, "Huyu amekubali." Na kwa kuwa nilikubali kwa namna ile ile waliyokubali mama zangu na bibi zangu, hapakuwa na mtu pale aliyejua jinsi ya kulirudisha jibu. Tulioana kabla ya mfungo. Mzee Kondo ndiye aliyekuwa mshenga mpaka mwisho, amenuna, lakini pilau alikula.

Msinielewe vibaya, sikuolewa na malaika. Rajabu alikuwa mbishi. Alibishania njia, bei, majina ya watu, na umri wa watoto wake mwenyewe. Ila baada ya siku moja au mbili alikuwa akija mlangoni, anasimama, anasema, "Mwajuma, mpishi hakuua." Basi, nami najua amekubali kosa lake, namtengea chakula. Wanangu walikua wakidhani ni methali. Mwaka huu mguu ulipomvimba nilimwambia twende hospitali, akasema ni uchovu wa shamba. Nilimsihi, nikagomba, nikamwita binti yake, akasema sote hatujui miguu. Tulipokuja kumpeleka, daktari alituuliza kwa nini tumechelewa. Nilikasirika sana njia nzima na sikumficha. Wodini siku ile ya mwisho ya kuzungumza alinishika kidole, akasema kwa sauti iliyokuwa imeshakuwa ndogo, "Mwajuma, mpishi hakuua." Nikamwambia najua, lala. Nimelia mengi tangu hapo, lakini kwa hasira sijalia tena.

Jana Mzee Kondo alikuja kunipa pole. Sasa ni mzee kweli, mjukuu wake alimshika mkono mpaka kizingitini, akaketishwa kwenye kigoda upande wa nje wa mlango, kwa heshima ya eda yangu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, mkwe wangu. Akamsifu marehemu, akamwombea dua ndefu, akanyamaza, nikadhani amesinzia. Kumbe alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"Rajabu alikuwa mtu mwema," akasema. "Sasa ametangulia, hatuna tena ugomvi. Ila tuseme ukweli, mwanangu, yule mpishi aliua."

Alikuwa amenikazia macho yake yenye ukungu, anangoja, na alikuwa anajua vizuri kama mimi kwamba huku kwetu mwanamke akikaa kimya amekubali. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nilikiweka chini.

"Hakuua, baba," nikamwambia. "Mpishi hakuua."